Nani alilaza ngano usiku? Shetani, kangaroo mulevi na wazee wawili wenye ubao

Picha hizo zinarudi ku WhatsApp kila wakati. Shamba kubwa la ngano limepigwa picha kutoka juu. Katikati kuna duara kubwa, pembeni yake duara ndogo ndogo, zote zimepangwa vizuri sawa vile mutu alizichora ku karatasi na kompa. Ngano haikukatwa, imelazwa tu, yote ikielekea upande mumoja. Chini ya picha kuna maneno mafupi: eti ni alama ya wageni kutoka sayari zingine, na serikali za Wazungu zinaficha ukweli.

Mu Kamanyola, pale Congo, Rwanda na Burundi zinapokutana na barabara ya kutoka Bukavu inaposhuka ku bonde la Ruzizi, watu wengi wanakula kwa jembe. Ukimuonyesha mukulima wa kule picha kama hiyo, hana haja na sayari. Yeye anataka kujua: na mwenye shamba, nani alimulipa?

Swali hilo lina maana kuliko majibu mengi ambayo wasomi walitoa. Kwa miaka wasomi walitafuta ni nguvu gani ya ajabu inalaza ngano kwa duara. Kuuliza ni mutu gani alipita hapo jana usiku, hilo halikuwaingia mu kichwa. Na majibu yao, ukiyasoma leo, yanachekesha kweli.

La zamani kabisa linatoka mu jimbo la Hertfordshire, Uingereza, mwaka wa 1678. Mwaka huo kulichapishwa karatasi yenye habari ya mukulima tajiri na kibarua maskini. Kibarua alitaja bei yake ya kukata shamba la nafaka, ile wanayolisha farasi. Tajiri akaona bei imezidi, akakasirika, akasema afadhali shetani aje akate kuliko yeye kulipa pesa hiyo. Usiku shamba likaonekana sawa linawaka moto. Asubuhi nafaka yote imekatwa, tena kwa duara, kazi safi ambayo mutu hawezi kuimaliza kwa usiku mumoja. Tajiri akaogopa hata kuingia kuchukua mavuno yake.

Wapenda mafumbo wanasema hiyo njo duara ya kwanza kuandikwa. Tatizo ni kwamba ile nafaka ilikatwa, haikulazwa. Na kibarua yeyote wa Kamanyola aliyewahi kubishana juu ya bei ya kulima anaweza kuhisi ile hadithi ilimupendeza nani.

Mambo ya sahani za kuruka yalikuja baadaye sana. Tarehe 19 Januari 1966, karibu na muji wa Tully, kaskazini mwa jimbo la Queensland, Australia, mukulima mumoja wa ndizi alikuwa anaendesha trakta. Alisema aliona kitu sawa sahani kikiinuka kutoka ku dimbwi, kikazunguka, kikaenda zake. Pale kilipotoka, matete yalikuwa yamelala ku maji, yamezunguka kwa duara. Wengine walieleza kwamba ni kimbunga kidogo, kile upepo unaozunguka na kuinua majani, ambacho watu wa bonde la Ruzizi wanakijua vizuri mu kiangazi. Lakini magazeti yalipenda zaidi jina lingine: kiota cha sahani ya kuruka.

Habari hiyo haikumutoka mu kichwa Muingereza mumoja, Doug Bower, ambaye aliwahi kuishi Australia. Miaka ilipita. Jioni moja mu miaka ya 1970, kusini mwa Uingereza, alikuwa ameketi ku nganda na rafiki yake Dave Chorley. Wote wawili walipenda kuchora picha. Bower akamueleza rafiki yake juu ya Tully, na wakaanza kucheka: namna gani tukifanya kiota chetu hapa, watu waseme sahani imetua?

Walisema baadaye kwamba walianza mwaka wa 1978. Chombo cha kwanza kilikuwa chuma cha kufungia mulango. Kisha wakapata namna ya mwepesi: kipande cha ubao chenye kamba ku ncha zote mbili. Unashika kamba kwa mikono, unaweka muguu ku ubao, unakanyaga, unasogea, unakanyaga tena. Ili kwenda moja kwa moja mu giza, walifunga waya mudogo ku kofia, unaangalia kupitia ule waya kitu fulani cha mbali, unakifuata. Hiyo tu njo ilikuwa teknolojia.

Mwanzoni hakuna mutu aliyeangalia kazi yao. Wazee wakasikitika. Wakahamia pahali barabara inapita juu ya bonde, ili wenye gari waone vizuri. Hapo njo waandishi wa habari walifika, na nyuma yao wataalamu.

Wataalamu walisema nini? Mumoja wao, Terence Meaden, mutu wa mambo ya hali ya hewa, alieleza kwamba ni upepo wa pekee unaozunguka ukiwa na umeme ndani yake. Wengine walitaja helikopta zinazopita chini. Walikuwepo hata waliosema ni wanyama wadogo wenye miiba, wanafukuzana kwa kuzunguka wakati wa mapenzi. Bower na Chorley walisoma hayo yote ku gazeti wakacheka, lakini ile habari ya upepo iliwachukiza kidogo, maana iliwanyanganya sifa. Basi wakaanza kuongeza mistari iliyonyooka mu michoro yao, ili waone upepo gani utachora mustari. Maelezo nayo yakazidi kurefuka.

Mutu aliyekaribia kuwakamata hakuwa mutaalamu wala polisi. Alikuwa bibi ya Bower. Aliona kilometa zinaongezeka ku gari, na bwana anatoka usiku na kurudi asubuhi na mapema, viatu vina umande. Akahesabu, akafikia jibu ambalo bibi yeyote angelifikia: kuna mwanamuke mwingine. Bwana ikabidi amueleze ukweli na kumuonyesha michoro. Ni kesi ngapi mu nyumba zingekwisha hivyo, kwa ubao na kamba?

Mwezi wa Septemba 1991 wazee hao, wote wenye zaidi ya miaka sitini, walichoka na siri. Waliita gazeti la Uingereza lililoitwa Today, wakatengeneza duara mbele ya waandishi. Kisha gazeti likamuita Pat Delgado, mutu aliyejulikana sana mu utafiti wa duara hizo, aje aipime. Delgado aliangalia akasema ni ya kweli, mutu hawezi kuifanya. Ndipo akaelezwa. Mwaka wa 1992 wazee walipewa Ig Nobel ya fizikia, zawadi ya Marekani inayotolewa kwa kazi zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Unaweza kufikiri habari iliishia hapo. Hapana. Vijana wengine walichukua ubao, michoro ikawa mikubwa zaidi. Mwaka wa 2001, ku kilima cha Milk Hill, Wiltshire, ulionekana muchoro wenye duara zaidi ya 400. Wakulima wengine waliweka mutu ku kiingilio, kila anayetaka kuona alipe. Wengine walishitaki: mwaka wa 2000 kijana mumoja wa Wiltshire alipigwa faini na tribinali juu ya kuharibu mazao. Kwa hiyo swali la mukulima wa Kamanyola lina jibu: kuna mwenye shamba aliyelipwa na wageni waliokuja kutazama, kuna aliyekwenda tribinali, na wengi walibaki na hasara yao.

Kuna jambo moja linalostahili kuelezwa polepole, juu linasumbua watu wengi: kwa nini duara? Kwa nini isiwe umbo lingine? Jibu liko ku kamba. Piga mti mu udongo, funga kamba, shika ncha ingine, zunguka ukiivuta. Duara inatoka yenyewe, bila hesabu, hata mu giza. Fundi anayejenga nyumba ya muviringo anafanya hivyo tangu zamani. Duara inaonekana kazi ya akili kubwa, kumbe njo umbo rahisi kuliko yote. Mraba mzuri usiku ungewatesa zaidi.

Na mambo ya asili yanafuata njia hiyo hiyo. Kitu kinachoanza pahali pamoja na kuenea sawasawa pande zote kinaacha duara: uyoga fulani unaokua chini ya udongo, ugonjwa wa mimea, wadudu wanaotoka ku shimo lao. Pahali palipochomwa makala, majivu yanabaki na mahindi yanaota kwa rangi tofauti, kwa umbo la ile tanuru. Kichuguu kilichosawazishwa vilevile. Mu jangwa la Namibia kuna maelfu ya duara zisizo na majani, na wenyeji wamezipa maelezo ya miungu. Wanasayansi hadi sasa wanabishana wenyewe kwa wenyewe: upande mumoja unasema ni muchwa, mwingine unasema ni majani yanayopigania maji.

Jambo lingine ambalo wapenda mafumbo wanalipenda: mushina umepinda bila kuvunjika, eti ni nguvu ya ajabu. Mushina mubichi ukikanyagwa na ubao mupana unalala bila kukatika. Ukikaa siku chache, unaanza kujiinua ku vifundo vyake, juu mumea unajua chini ni wapi na jua iko wapi. Angalia mahindi yaliyoangushwa na mvua ya usiku. Baada ya siku kadhaa ncha zinatazama juu tena, vifundo vimepinda. Hakuna aliyeita sahani.

Mu Juni 2009 hata serikali iliingia mu muchezo. Ku kisiwa cha Tasmania, Australia, wanalima kwa ruhusa ya sheria maua yanayotoa afyuni ya kutengeneza dawa za hospitali. Waziri wa sheria wa kule, Lara Giddings, aliwaeleza wabunge kwamba wallaby, wale kangaroo wadogo, wanaingia mu mashamba hayo, wanakula, wanalewa, kisha wanazunguka zunguka mpaka wanaanguka. Eti duara za Tasmania ni kazi yao. Angalau wallaby anaacha nyayo na mavi.

Nyayo na mavi: hapo njo habari inafika ku bonde la Ruzizi.

Michoro ya Bower na Chorley ingekuwa shida kule. Mashamba ya ngano ya Uingereza ni mapana sana, tena yana njia za magurudumu ya trakta, mutu anatembea humo bila kuacha alama. Mupunga wa Luberizi au Sange uko mu matope na mitaro, kila muguu unabaki umeandikwa. Tena shamba la mupunga halilali peke yake, watoto wanafika alfajiri kufukuza ndege. Si kwamba haiwezekani: mu Januari 2011, karibu na Yogyakarta, Indonesia, ilionekana duara kubwa katikati ya mupunga, watu wakajaa kutazama, na shirika la anga la inchi hiyo likasema ni kazi ya watu.

Lakini mazao kulala usiku, hilo linajulikana sana mu bonde. Na pale sahani za kuruka hazitajwi, yanatajwa majina ya majirani. Mupunga umelala, basi mufugaji wa upande ule alipitisha ngombe. Mahindi yamelala kwangu, ya jirani yamesimama, basi yule mama muzee alitumia ulozi. Mu Kivu ya Kusini watu wanajua mashtaka hayo yanakwisha namna gani: wamama wazee wamefukuzwa ku vijiji vyao, wengine wameuawa. Na ugomvi kati ya mufugaji na mukulima umemwaga damu mara nyingi.

Mbele ya kutaja jina, shamba lenyewe linasema. Upepo na mvua vinalaza mazao yakielekea upande mumoja, na hakuna kilicholiwa. Yanaanza kulala pale yalipokuwa marefu na ya kijani sana: pale mbolea ya urea ilizidi, pale ngombe walikuwa wanalala zamani, pale mupunga ulipandwa karibu karibu. Ndiyo maana shamba moja linalala na la pembeni linasimama. Ngombe anaacha kwato iliyogawanyika mara mbili, mavi mabichi, na masuke yaliyoliwa. Kiboko, kule chini karibu na muto na ziwa upande wa Uvira, anatoka usiku, anaweza kumaliza kilo 40 za majani, na njia yake inajulikana: mitaro miwili sambamba na kilima kidogo katikati, juu miguu yake iko mbali mbali. Muguu wake una vidole vine. Mavi anayatawanya kwa mukia. Na mutu akipita na ubao, ataacha viatu.

Alama hizo hazikai. Mvua moja inazifuta, na watu wanaokuja kushangaa wanazikanyaga. Kwa hiyo mwenye shamba anaangalia asubuhi ile ile, akiwa na shahidi, akipiga picha na telefone mbele umati haujaingia. Kisha anakata ule mupunga uliolala kama umekomaa, juu ukibaki ku maji, mbegu zinaanza kuota zikiwa bado ku suke.