Anayechangisha Ana Deni la Hesabu

Kila vyuo vikuu vyetu vinapowapokea wanafunzi wapya, kuta za mabweni na makundi ya simu hujaa mialiko. Kuna vyama vya dini, vyama vya wanafunzi waliotoka eneo moja, klabu za mijadala, za mazingira na za uanahabari, na makundi ya kuwasaidia wasiojiweza. Hata mwezi wa kwanza haujamalizika, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amekwisha kuandikishwa katika vyama vitatu au vinne, na mkononi ametiwa mkebe au karatasi ya michango. Mara kuna mayatima wa kutembelewa, mara kuna mwenzao aliyelazwa hospitalini, mara kuna wasichana wa shule za msingi wanaokosa masomo kwa sababu hawana sodo.

Katika Chuo Kikuu cha Tom Mboya mjini Homa Bay, kilichoanza mwaka 2016 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Maseno, au katika Chuo Kikuu cha Rongo kule Migori, haja ya misaada kama hii haihitaji kutafutwa kwa tochi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watu wazima 19.6 kwa kila mia katika Kaunti ya Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi, kiwango kilichopita cha kaunti nyingine yoyote nchini. Ugonjwa huo umeacha mayatima wengi mikononi mwa nyanya zao kandokando ya ziwa. Aidha, wengi wa hao wanaopewa mkebe ni vijana ambao nao walifika chuoni kwa mchango wa majirani, kanisa na jamaa. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba tunazungumzia mchezo wa watoto.

Wapo wazazi na walimu wanaoshikilia kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana haja ya vyama. Kazi iliyompeleka chuoni ni kusoma. Hoja hii ina uzito wake, kwani mshika mawili moja humponyoka, na mshika vyama vinne huenda akaponyokwa na mtihani. Hata hivyo, chuo ni mahali pa kwanza ambapo kijana hukabidhiwa mali ya watu asiowajua, akaambiwa aitunze na kuitumia kwa niaba yao. Hakuna mhadhara unaoweza kulifundisha jambo hilo kikamilifu. Swali basi si kama ajiunge au asijiunge. Swali ni iwapo anaelewa anachokubali anapoupokea ule mkebe.

Lugha yenyewe inaweza kutusaidia hapa. Kuchanga ni kutoa chako pamoja na wenzako. Kuchangia ni kutoa kwa ajili ya mtu au jambo fulani. Kuchangisha ni tendo la namna nyingine kabisa. Kile kiambishi cha usababishi humleta mtu wa pili katika tendo: yuko anayetoa, na yuko anayesababisha kitolewe. Mwenye kuchanga amekwisha kutimiza wajibu wake pindi mkono wake unapoachia sarafu. Mwenye kuchangisha ndiyo kwanza anaanza wajibu wake, kwa sababu amewatoa watu vitu vyao kwa neno lake, na neno hilo sasa ni deni. Ajabu ni kwamba vijana wengi hupongezwa kwa kuchangisha kana kwamba wao ndio waliochanga, na sifa zikishamiminwa, hakuna anayeuliza zile shilingi zilifika wapi.

Wazee wetu hawakuhitaji daftari. Waluo wana saga, Wakamba wana mwethya, Wakikuyu wana ngwatio, na Waswahili huzungumzia ujima. Katika desturi hizo zote watu walikusanyika shambani kwa mwenzao, wakalima, wakapalilia, wakavuna, kisha wakala na kunywa alichowaandalia. Kila mtu aliona jembe la nani limefanya kazi, na shamba lililolimwa lilikuwa pale pale mbele ya macho ya wote. Lakini mara nguvu za mikono zilipogeuzwa kuwa fedha, macho hayakutosha tena. Fedha haina alama ya jembe. Ikishaingia mfukoni haijulikani ni ya nani, na hapo ndipo haja ya hesabu ya maandishi ilipozaliwa.

Chuo cha Homa Bay kina jina la mtu anayestahili kukumbukwa katika suala hili. Tom Mboya, aliyezikwa kisiwani Rusinga katika kaunti hii hii, aliacha masomo ya sekondari kwa kukosa karo. Mwaka 1959 alizunguka Marekani akihutubia vyuoni na kuomba nafasi za masomo kwa vijana wa Afrika Mashariki. Mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuomba michango ya nauli. Huku nyumbani familia na vijiji vilijikamua ili kijana wao asiende mikono mitupu. Mnamo Septemba mwaka huo, wanafunzi 81 walipanda ndege moja kwenda New York. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na miongoni mwa waliosafiri mwaka huo wa 1960 alikuwamo Wangari Maathai. Tuzingatie kwamba matunda ya mchango ule yaliweza kuhesabiwa kwa majina ya watu. Aliyetoa aliweza kuuliza ni nani aliyesafiri, naye akajibiwa.

Baadaye mambo yaligeuka. Neno harambee, wito wa vibarua wavutao mzigo mzito, lilifanywa na Mzee Jomo Kenyatta kuwa wito wa taifa mwaka 1963, na kwa nguvu zake zilijengwa shule na zahanati zisizo na idadi. Lakini kadiri miaka ilivyopita, mgeni wa heshima alianza kuwa mkubwa kuliko shule yenyewe. Bahasha yake ilitangazwa kwa kipaza sauti, watu wakapiga makofi, na aghalabu uchaguzi ulikuwa karibu. Machifu walilazimisha michango, na waliolazimishwa hawakusomewa hesabu. Ndiyo sababu Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ikawakataza maafisa kutumia vyeo vyao kuchangisha, na ndiyo sababu mnamo Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee.

Vijana walioandamana walidai hesabu ya fedha za umma, na walikuwa na haki. Ila inafaa tujiulize kama vyama vyao wenyewe vinaweza kustahimili swali hilo hilo. Tuchukue mfano wa kubuni. Kundi la wanafunzi limechangisha shilingi 30,000 kwa ajili ya makao ya watoto yatima. Basi la kuwapeleka Mbita na kuwarudisha ni shilingi 12,000. Fulana zenye jina la kundi ni 9,000. Kukodi kipaza sauti na mpiga picha ni 3,000. Watoto wanabakiziwa 6,000, yaani shilingi moja katika kila tano. Hapana mtu aliyeiba hata senti. Hata hivyo, aliyetoa aliambiwa fedha yake ni ya yatima, naye yatima amepata unga na sabuni kidogo, na picha nyingi alizopigwa bila kuulizwa. Kundi hilo lingetembea kwa miguu hadi mitaa ya karibu mjini Homa Bay, zile 12,000 za basi zingewafikia watoto pia.

Simu nayo imeongeza wepesi na hatari kwa pamoja. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mchango unaweza kumiminika kwa saa moja kutoka Kendu Bay hadi Nairobi, lakini mara nyingi humiminika katika nambari ya mtu mmoja, ambamo fedha ya kundi huchanganyika na ya chakula chake. Kijana mwenye njaa akiwekewa mtego wa namna hii, tusimlaumu yeye pekee anaponaswa.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na ajiunge na chama kimoja, au viwili kwa wingi, na kabla ya kupokea mkebe aombe kuona daftari la mwaka uliopita. Wakikosa kumwonyesha, atafute chama kingine. Fedha ziwekwe katika akaunti ya kundi isiyoweza kufunguliwa na mtu mmoja. Gharama za safari na fulana walipe wanachama wenyewe, zisikatwe katika haki ya yatima. Na katika muda wa wiki moja, orodha ya waliotoa, jumla iliyopatikana, na risiti za vilivyonunuliwa zibandikwe kwenye ubao wa matangazo ambapo hata asiyetoa anaweza kuzisoma.

Walimu nao wasijitoe katika lawama. Mhadhiri anayekubali kuwa mlezi wa chama, akahudhuria siku ya picha tu, hajalea kitu. Mlezi wa kweli hukagua daftari kila muhula, hukataa bahasha ya mwanasiasa atakaye kununua vijana kwa bei ya fulana, na humwuliza mweka hazina maswali magumu wakati makosa yangali madogo. Samaki mkunje angali mbichi. Huyu anayeshika mkebe leo Homa Bay huenda kesho akashika hazina ya kaunti, na kama hakufundishwa kutoa hesabu ya shilingi 30,000, tusitarajie atatoa ya milioni 30.