Mbale na Kapchorwa: Uganda Iliyo Nyuma ya Mlima Wetu

Mkazi wa Bungoma akiondoka Kanduyi alfajiri, akapita Chwele na Sirisia hadi Lwakhakha, kabla jua la mchana halijakuwa kali atakuwa anatembea katika jiji la nchi nyingine. Wengi wetu tumewahi kujibana mwaka mzima ili tuione Mombasa, na walio na uwezo wamefika Dubai. Mbale, iliyo karibu kuliko Nairobi mara kadhaa, tunaijua kwa jina tu, au kwa mahindi na ndizi zinazotoka huko.

Maelezo haya ni kwa watu wa Bungoma na Kitale wanaotaka kuitumia Jumamosi na Jumapili kuuzunguka Mlima Elgon pamoja na marafiki: kuingia Uganda kwa Lwakhakha, kulala Mbale, kupanda hadi maporomoko ya Sipi na mji wa Kapchorwa, kisha kurudi Kenya kwa Suam na kuteremka Kitale. Ndiyo njia tuliyopita sisi. Hakuna safari fupi inayomfundisha mtu wa magharibi mwa Kenya mambo mengi kama hii, kwa sababu mlima ni uleule, watu ni walewale, ila nchi ni mbili.

Kuvuka mpaka

Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaruhusiwa kuvuka mipaka baina yao kwa kitambulisho cha taifa. Pasipoti si lazima. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana huulizwa. Anayekwenda na gari lake achukue kitabu cha gari, apate kibali cha muda cha forodha, na awe na bima ya kadi ya njano ya COMESA. Anayesafiri kwa matatu hana haja ya hati hizi za gari. Atashuka upande wa Kenya, avuke kwa miguu, apande nyingine upande wa pili.

Shilingi moja ya Kenya hupata takriban shilingi 28 za Uganda, kwa hiyo usishtuke ukiambiwa nauli ya bodaboda ni elfu mbili. Hiyo ni kama shilingi sabini za kwetu. M-Pesa usiitegemee: wauzaji wa huko hupokea pesa kwa MTN na Airtel, au noti mkononi.

Mpaka wenyewe si wa kale. Hadi mwaka 1902 eneo lote la magharibi mwa Kenya lilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, na Waingereza walilihamishia upande wa pili kwa amri ya ofisini. Babu wa babu zetu walilala Uganda wakaamka nchi nyingine bila kuhama nyumba. Watu wa Lwakhakha hawakuacha kuoana wala kuuziana. Miaka ya 1976 na 1977, baridi kali ilipokuwa imeharibu kahawa ya Brazil na bei ikapanda duniani kote, huku uchumi wa Uganda ukiporomoka chini ya Idi Amin, kahawa ya Bugisu, yaani eneo linalozunguka Mbale, ilivushwa usiku hadi soko la Chepkube katika Bungoma. Watu walitajirika kwa msimu mmoja, wengine wakapoteza maisha njiani. Wazee wa Sirisia bado wanaisimulia Chepkube kana kwamba ilikuwa juzi.

Barabara ya kwenda mjini

Kutoka Lwakhakha hadi Bumbobi, karibu na Mbale, kuna lami ya kilomita 44 na nusu iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Jambo la kwanza ambalo macho ya Mkenya huliona ni udogo wa mashamba. Migomba na mibuni imepandwa pamoja, mgomba ukiutilia kivuli mbuni, na nyumba zimepanda milimani hadi mahali ambapo mtu hudhani hapakaliki. Hii ni mojawapo ya sehemu za mashambani zenye watu wengi zaidi Uganda.

Wingi huo una gharama. Mteremko uliokatwa miti haushiki udongo. Machi 2010 mlima uliporomoka Bududa na kuwafunika mamia ya watu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito inayopita Mbale, ukiwemo Nabuyonga, ilifurika na kuua zaidi ya watu 20. Novemba 2024 udongo ukaporomoka tena Bulambuli, njiani kuelekea Kapchorwa. Anayeishi Kapsokwony au Cheptais ayasome haya kama habari za nyumbani, kwa kuwa mvua na udongo ni vilevile.

Jiji la Mbale

Mbale lilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, siku moja na Jinja, Gulu, Arua, Mbarara, Masaka na Fort Portal. Limekaa chini ya ukuta wa mwamba wa Wanale. Mvua ikinyesha, maporomoko membamba huteremka kwenye mwamba huo, na mtu aliyesimama sokoni huyaona bila kuinua miguu. Watu wazima wa huko hupenda kukumbusha kwamba zamani Mbale lilisifiwa kuwa mji safi kuliko yote Uganda. Barabara pana zenye miti bado zinashuhudia mpango mzuri wa zamani, ingawa takataka na mashimo vimepunguza sifa hiyo.

Anza kwenye mnara wa saa, katikati ya mji, uende kwa miguu kupitia Republic Street na Naboa Road. Maduka mengi ya zamani yalijengwa na Wahindi: duka chini, makao juu, veranda ikikinga mvua. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na maduka hayo yakagawiwa wengine. Katika miaka ya 1990 serikali ya Museveni iliwarudishia wenyewe majengo yao, na baadhi yao walirudi.

Mwanzilishi wa mji ni Semei Kakungulu, jemadari aliyepigana kwa niaba ya Buganda na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19, akaiteka sehemu kubwa ya mashariki akitumaini kufanywa mfalme wake. Waingereza walimnyima ufalme. Akaanza kusoma Biblia kwa makini, na mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanawe, akatangaza kwamba anafuata dini ya Wayahudi. Alifariki mwaka 1928, lakini wafuasi wake, Abayudaya, wapo hadi leo, baada ya kuvumilia hata Amin alipoipiga marufuku dini yao. Sinagogi lao kuu liko kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya jiji. Rabi wao, Gershom Sizomu, alikuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini kuanzia 2016 hadi 2021. Anayetaka kutembelea apige simu kwanza, avae kwa heshima, na akumbuke kwamba Jumamosi kwao ni Sabato: picha hazipigwi.

Jiji hilohilo lina Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofunguliwa mwaka 1988 baada ya mkutano wa mataifa ya Kiislamu uliofanyika Lahore mwaka 1974 kuamua kijengwe. Lina pia hospitali ya watoto ya CURE, iliyofunguliwa mwaka 2001 na kujulikana duniani kwa upasuaji wa watoto wenye maji kichwani. Wayahudi, Waislamu na Wakristo wa Mbale huuziana, husomeshana na huzikana. Tulipomuuliza mwenyeji wetu kama huwa hakuna ugomvi, alijibu kwamba ugomvi wa Mbale ni wa siasa na mashamba, wa dini hakuna anayeujua.

Watu, tohara na chakula

Wagisu, ambao pia huitwa Wamasaba, ni ndugu wa Wabukusu. Rafiki yetu mmoja kutoka Kimilili alimsalimu muuza chakula sokoni kwa Kibukusu; mama huyo akamjibu kwa Kigisu, na mazungumzo yakaendelea bila mkalimani. "Mwanangu, wewe ni wa ukoo gani?" mama akauliza. Alipoutaja, mama akasema huo upo hata kwao, akamwongezea kipimo. Kiswahili nacho kinasikika mjini kuliko tulivyotarajia, hasa miongoni mwa madereva na wafanyabiashara.

Pande zote mbili hutahiri wavulana katika miaka ya shufwa, kama 2024 na 2026, na Agosti ndio mwezi wa vishindo. Wagisu hufungua msimu huo, wanaouita imbalu, katika uwanja wa Mutoto karibu na Mbale, kwa ngoma za kadodi zinazotikisa barabara nzima. Mapokeo yao husema kwamba Masaba alitahiriwa ili akubaliwe na Nabarwa, msichana wa Wakalenjin. Wabukusu humtaja Mango, aliyemuua nyoka mkubwa kisha akatahiriwa na Wakalenjin haohao. Hadithi ni mbili, lakini zote hukiri kwamba kisu kilitoka kwa jirani anayezungumza lugha nyingine. Haya yafaa kukumbukwa kila wanasiasa wanapotaka kutugawa sisi wa Mlima Elgon kwa makabila. Anayetaka kuona sherehe aende Agosti ya mwaka wa shufwa, aagize malazi mapema, na aombe ruhusa kabla ya kumpiga kijana picha.

Usiondoke Mbale bila kula malewa. Ni machipukizi ya mianzi ya msitu wa Elgon, ambayo wakazi wa kando ya hifadhi huruhusiwa kukata kwa makubaliano na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Hukaushwa kwa moshi, hulowekwa, huchemshwa na kukolezwa karanga zilizosagwa, yakaliwa kwa matoke. Ladha ya moshi huwa ngeni kwa mara ya kwanza, halafu mtu huomba tena. Jioni, kando ya barabara, kuna roleksi: yai lililokaangwa na kitunguu na nyanya, likakunjwa ndani ya chapati ya moto.

Sipi na Kapchorwa

Jumapili asubuhi chukua barabara ya Sironko kuelekea kaskazini. Lami hupanda kwa kona kali, na nyanda za Teso na Karamoja hubaki chini kushoto, zikienda hadi macho yachoke. Sipi ina maporomoko matatu ya mto mmoja. Kubwa kuliko yote lina urefu wa takriban mita 100. Vijana wa hapo huongoza wageni kwa ada ya kupatana, na ni vizuri kuwalipa: njia ni za utelezi na zinapita katika mashamba ya watu. Wengine watakukaribisha utwange kahawa kwenye kinu, uikaange kwenye chungu na uinywe papo hapo. Hii ni arabika ya Elgon, ile ambayo Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu kimeiuza tangu mwaka 1954. Mkulima wa kahawa wa Chesikaki atakuwa na mengi ya kulinganisha na mwenzake.

Kapchorwa ni mji wa Wasebei, ndugu wa Wasabaoti wa kwetu. Asubuhi vijana hukimbia barabarani kwa makundi kama Iten. Hapa alizaliwa Stephen Kiprotich, aliyewapita Abel Kirui na Wilson Kipsang katika marathoni ya Olimpiki ya London mwaka 2012 na kuipa Uganda dhahabu ya kwanza ya Olimpiki tangu John Akii-Bua mwaka 1972. Joshua Cheptegei naye ametwaa dhahabu ya mita 5,000 katika michezo ya Tokyo na ya mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024.

Kurudi kwa Suam

Kutoka Kapchorwa hadi Suam ni kilomita 73. Zamani njia hii ilikuwa ya matope, na malori yalikwama kwa siku nyingi. Sasa ni lami, nayo imegharimiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mto Suam, ulio mpakani, hutoka ndani ya bonde la kilele cha Elgon, huelekea kaskazini ukiitwa Turkwel, na humwaga maji yake Ziwa Turkana. Mwenye kuuharibu msitu huku juu anamnyima maji Mturkana asiyemjua.

Ukivuka tu, mandhari hubadilika. Badala ya vipande vya migomba, unaona mahindi ya Endebess yamenyooka hadi upeo wa macho. Udongo haukubadilika, historia ndiyo iliyobadilika. Trans Nzoia iligawiwa walowezi wa Kizungu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na mashamba makubwa yakabaki hata baada ya Uhuru. Bugisu haikupata walowezi. Mkulima mdogo alibaki na shamba lake, akaligawa kwa wanawe, nao kwa wana wao. Kenya ya upande huu ina mashamba makubwa na maskwota wasio na ardhi. Uganda ya upande ule ina wenye ardhi ambao kipande chao hakiwatoshi. Tulilijua hili vitabuni, ila kuliona kwa macho mawili mchana mmoja ni somo jingine.

Ukifika Kitale na jua bado lipo, pitia Makumbusho ya Kitale, yaliyoanza na mkusanyo wa Kanali Stoneham, ukaone vifaa vya jamii za mlima huu vikiwa chini ya paa moja.

Safari hii haihitaji fedha nyingi. Nauli, malazi ya kawaida, chakula na ada za Sipi kwa mtu mmoja ni chini ya gharama ya kwenda na kurudi Mombasa. Kaunti za Bungoma na Trans Nzoia zingefanya jambo la maana kuitangaza pamoja na wilaya za Uganda kama ziara moja ya mlima mmoja, na walimu wa historia na jiografia wangefanya vizuri zaidi kuwapeleka wanafunzi. Lakini usizingoje serikali. Waite marafiki, chukueni vitambulisho na vyeti vya chanjo, mwende mkawasalimu ndugu zenu wa upande wa pili.