Gharama ya Kusikilizwa: Unasihi wa Mtandaoni na wa Ana kwa Ana katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Unasihi wa mtandaoni husifiwa kuwa ni nafuu. Yatupasa kuupima usemi huo kabla ya kuwaelekeza washarika wetu huko, kwa maana gharama aliyotuliwa mmoja mara nyingi hubebeshwa mwingine.

Tumfikirie mama wa Songosongo aliyelemewa na huzuni tangu afiwe. Ili aonane na mnasihi aliyeisomea kazi hiyo, huenda avuke bahari hadi Kilwa, kisha asafiri kilomita zipatazo 300 hadi Dar es Salaam. Nauli, malazi na siku za kazi alizopoteza zaweza kuizidi ada yenyewe. Mnasihi naye hulipa pango hata kwa saa ambazo hakuna ajaye, na pango hilo huingia katika ada. Ndiyo sababu wengi hukaa mijini, wala hatuwalaumu.

Mtandao huondoa nauli na pango, lakini wataka simu janja, kifurushi na faragha. Katika nyumba ya vyumba viwili yenye watu wanane, mahali pa kulilia hapanunuliwi kwa kifurushi. Tena, kampuni zitozazo ada ya juma au ya mwezi hutegemea kupata wateja wapya daima, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliitaka kampuni ya BetterHelp ilipe dola milioni 7.8, kwa madai kwamba ilizitoa habari za wateja wake kwa Facebook na wengineo kwa ajili ya matangazo. Mchungaji aliyefungwa na siri ya maungamo ataelewa uzito wa jambo hilo.

Wala mtandao si njia isiyokatika. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu, na barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ikakatika. Tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom nazo zikakatika.

Huko Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyejiua, ambaye alikuwa amekosa nauli ya kufika hospitalini. Kuanzia mwaka 2006 aliwafunza akina bibi wa Harare kuwasikiliza watu kwenye mabenchi karibu na zahanati, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kuliko wenzao.

Kwetu twaona ifaavyo ni mkutano wa kwanza uwe wa ana kwa ana, kisha simu ya kawaida kila juma, vocha ikilipwa na mfuko wa diakonia. Sharika za pwani hii ni ndogo. Mzigo huo uingizwe katika bajeti ya dayosisi, usiachiwe mfuko wa mwinjilisti. Lakini anayetaka kujiua, au aliyerukwa na akili, asinasihiwe kwa simu: apelekwe hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, au Sokoine mjini Lindi, na mtu wa usharika afuatane naye.