Je, Wajua? pH Hulinda Pumzi ya Samaki

Mizani ya pH, iliyobuniwa mwaka 1909 na mwanakemia Søren Sørensen katika maabara ya Carlsberg nchini Denmark, leo husaidia kustawisha mimea ndani ya matangi ya samaki ya nyumbani.

Vipi? Kaboni dioksidi, gesi inayoingizwa ndani ya tangi ili kulisha mimea, ikiyeyuka majini huzaa asidi ya kaboniki, na pH hushuka. Kidhibiti cha pH husoma badiliko hilo kwa kihisio kilichozamishwa majini. pH ikishuka hadi kiwango kilichopangwa, vali ya umeme huifunga gesi. pH ikipanda, vali huifungua tena.

Maji yenye ugumu wa kaboneti wa digrii 4 na pH 6.6 huwa na takriban miligramu 30 za gesi hiyo kwa lita, kiasi kinachonawirisha mimea. Gesi ikizidi mno, samaki hutweta karibu na uso wa maji.