Dawa mbili za kifafa katika mwili mmoja: panya walisema nini, na Kilifi ilisema nini

Mwezi uliopita mama mmoja kutoka Dunga, pale ufuoni mwa ziwa, aliingia katika kemisti ninakofanya kazi hapa Kisumu, akamwaga mfuko wa karatasi juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na vidonge vya aina mbili.

"Daktari," akaniita, maana huku, kama kwetu Mombasa, kila avaaye koti jeupe ni daktari, "kifafa cha kijana wangu kimepungua, nashukuru Mungu. Lakini mtoto amekuwa gogo. Analala asubuhi, analala mchana, shule wamemrudisha nyumbani. Sasa nimpe ipi niache ipi?"

Nilimwambia, "Mama, usiache hata moja leo." Mtu akikatiza dawa ya kifafa ghafla, kifafa chaweza kumrudia kwa kishindo, kimshike mfululizo bila kupumzika, na hapo watu hufa. Kisha nikaangalia vidonge. Kimoja kilikuwa fenobabitoni, dawa kongwe na rahisi ambayo imetumika tangu 1912. Cha pili kilikuwa valproeti, alichopewa katika kliniki nyingine ambako hakuna aliyemuuliza kijana anatumia nini tayari. Kila dawa ilikuwa katika kipimo chake sahihi. Kosa lilikuwa katika kuzikutanisha. Valproeti hulizuia ini lisiivunje fenobabitoni kwa kasi yake ya kawaida. Basi kidonge kilekile alichomeza kijana kwa miaka miwili bila shida kikaanza kurundikana mwilini siku baada ya siku, mpaka akawa hawezi kufumbua macho.

Wasomaji wangu wa Pwani, wengi wetu tunahesabu dawa kama tunavyohesabu pweza sokoni: mmoja na mmoja ni wawili. Dawa hazihesabiki hivyo. Mbili zaweza kufanya kazi ya tatu, zaweza kufanya kazi ya moja na nusu, na zaweza kutuliza ugonjwa huku zikimmaliza mgonjwa. Kujua ni lipi kati ya hayo, watafiti huanza na wanyama.

Fenitoini ilijaribiwa Boston na Merritt na Putnam katika miaka ya 1930 kwa kutumia paka. (Najua mtu wa Lamu akisoma hapa atakunja uso.) Siku hizi ni panya wadogo, na mji mmoja uliofanya sana kazi ya kuchanganya dawa ni Lublin, huko Poland. Panya hubanwa vishikizo vya umeme masikioni, umeme ukapita kwa sehemu ya tano ya sekunde. Asiye na dawa hukakamaa, miguu ya nyuma ikanyooka kama vijiti. Mwenye dawa ya kutosha hakakamai. Mtafiti hutafuta kipimo kinachowakinga nusu ya panya, kwanza kwa dawa ya kwanza peke yake, kisha kwa ya pili. Halafu huchanganya nusu ya kipimo hiki na nusu ya kile. Kama ni hesabu ya pweza, nusu ya panya watakingwa vilevile. Wakikingwa kwa dawa kidogo kuliko hiyo, dawa hizo zinasaidiana. Ikihitajika zaidi, zinapigana.

Lakini hiyo ni nusu ya jaribio, na nusu ya pili ndiyo ninayoipenda. Panya huyo huingizwa katika bomba la plastiki, atakiwe kupanda juu kinyumenyume ndani ya sekunde 60. Panya mzima hupanda bila taabu. Aliyeleweshwa na dawa hushindwa. Yaani hawatosheki kuuliza kama kifafa kimezuiwa. Wanauliza pia mnyama amebaki na nguvu zake? Mwishowe ubongo wa panya hupimwa kiasi cha dawa kilichomo, ili ijulikane kama dawa ya pili imefanya kazi yenyewe au imeifanya tu ya kwanza irundikane. Huyo panya haponi, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Kwa njia hii ilionekana kwamba valproeti na lamotrijini husaidiana, ilhali kabamazepini na lamotrijini hupingana. Kwa binadamu pia madaktari wameona faida ya ile jozi ya kwanza, ila kwa sharti: valproeti huifanya lamotrijini ikae mwilini karibu mara mbili ya muda wake, kwa hiyo huanzwa kwa kipimo kidogo sana, la sivyo ngozi yaweza kutoka vipele vibaya hadi ikababuka.

Panya ana mipaka yake. Levetirasetamu, ambayo leo hutumika dunia nzima, haikufanya lolote katika lile jaribio la umeme kwa panya wazima. Ilionekana thamani yake kwa wanyama waliofanywa kwanza kuwa na kifafa. Na panya wa maabara ni kijana, ameshiba, hana malaria.

Malaria ndiyo inayonirudisha nyumbani. Degedege ambalo wazee wetu walilisingizia nyuni, ndege anayemkumba mtoto, mara nyingi ni homa ya malaria iliyopanda ubongoni. Ziwani na Pwani yote tunaifahamu. Mwaka 2000 watafiti wa Kilifi walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya watoto 340 wenye malaria ya ubongo. Nusu yao walichomwa sindano moja ya fenobabitoni, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, ili kuzuia degedege. Nusu walichomwa sindano isiyo na dawa. Waliopata degedege mara tatu au zaidi walikuwa 46 katika kundi lisilo na dawa, na 18 tu katika kundi lenye dawa. Ukiishia hapo utapiga vigelegele. Sasa tazama vifo: bila dawa walikufa 14, wenye dawa walikufa 30.

Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto waliopata fenobabitoni kisha wakapewa dayazepamu mara tatu au zaidi. Dawa hizi mbili hukanyaga breki ileile ya ubongo. Breki hiyo hutuliza degedege, lakini ikikanyagwa mno hutuliza na pumzi. Hospitali yenye mashine ya kupumulia ingemvusha mtoto; wodi nyingi za Kenya hazikuwa nayo. Watafiti waliandika wazi kwamba kipimo hicho hakifai kupendekezwa kwa watoto hao. Wasingehesabu vifo, wangehesabu degedege peke yake, dawa ingeonekana imeshinda. (Hii haihusu kidonge kidogo cha kila siku cha mgonjwa wa kifafa. Asije mtu akakitupa kwa sababu yangu.)

Hapa Nyanza kuna jambo jingine. Wengi wanaishi na virusi vya ukimwi, na mchanganyiko ulio hatari huenda ukawa kati ya dawa ya kifafa na ARV. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni hulisukuma ini livunje dolutegraviri upesi, virusi vikapata mwanya. Kwa anayetumia kabamazepini, mwongozo ni dolutegraviri imezwe mara mbili kwa siku badala ya moja. Dawa hizo tatu hudhoofisha pia vidonge vya kupanga uzazi na vile vijiti vya mkononi, na nimeshaona mimba zisizotarajiwa kwa ajili hiyo.

Wala si kila mtu anahitaji dawa mbili. Huko Glasgow, wagonjwa 470 waliokuwa hawajawahi kutibiwa walifuatiliwa: 222 walitulia kwa dawa ya kwanza, 67 kwa ya pili au ya tatu, na 12 tu ndio waliotulia kwa dawa mbili kwa pamoja. Ndiyo maana daktari mwangalifu hubadilisha kabla ya kuongeza.

Yule mama nilimfungia vidonge vyake vyote viwili katika mfuko mmoja, nikamwandikia tarehe kila kimoja kilipoanza, nikamwelekeza hospitali kuu, ile ambayo wazee wa Kisumu bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Warusi. Huko walipunguza fenobabitoni kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa. Juzi alipita kemisti kuniletea omena. Kijana amerudi shuleni. Anataka kwenda ziwani usiku na baba yake, na mama amekataa. Atashika nyavu nchi kavu hadi mwaka upite bila kuanguka.