Kufua, Kusubu na Kughushi: Istilahi za Magurudumu ya Magari ya Kale

Miongoni mwa hati zinazompa mfasiri taabu kuliko alivyotarajia ni zile za kuuza na kununua vipuri vya magari ya kale. Mtu huipokea akidhani ni kazi ya nusu saa, maana haifiki hata ukurasa mmoja. Kumbe kila neno lililomo lina bei yake. Katika makala haya tutatazama kipuri cha aina moja tu, yaani magurudumu ya Fuchs ya gari la spoti liitwalo Porsche 911. Tumeyachagua kwa kuwa yanatafutwa sana, na kwa sababu hiyohiyo yanaigwa sana.

Gari lenyewe si geni kwa watu wa Afrika ya Mashariki. Katika mashindano ya Safari, Porsche 911 ilishika nafasi ya pili mwaka 1972, mwaka 1974, na tena mwaka 1978. Magurudumu yake yenye mikono mitano iliyo mfano wa petali za ua yalitokea kwanza kwenye 911S, iliyotolewa mwaka 1966. Yalitengenezwa na kiwanda cha Otto Fuchs kilichoko Meinerzhagen, Ujerumani.

Yafaa tuanze na neno gurudumu. Kwa msemaji wa kawaida, gurudumu ni pamoja na tairi lake. Muuzaji wa vipuri hivi hauzi tairi. Mafundi wa gereji husema rimu au ringi, na wanaelewana. Lakini kwa maana kamili rimu ni ule mzingo wa nje tu unaobeba tairi, na karani wa ofisi akiagiza rimu kumi ataletewa karatasi. Basi katika hati ya mauzo iandikwe mara ya kwanza “gurudumu bila tairi”, kisha “gurudumu” peke yake litatosha.

Vipimo navyo vina mtego. Maandishi “6J x 15” yana maana ya upana wa inchi 6, kipenyo cha inchi 15, na ukingo wa umbo liitwalo J. Upana huo hupimwa kwa ndani, baina ya kingo mbili zinazolibana tairi. Na kipenyo hupimwa pale tairi linapokaa. Mnunuzi akitandaza futi kamba kutoka ukingo hadi ukingo kwa nje, atapata kipimo kikubwa zaidi na kumshuku muuzaji bure. Kwa hiyo mfasiri asiandike “upana” tu, bali “upana wa ndani”. Jambo hili si dogo, kwani magurudumu ya kwanza yalikuwa na inchi 4.5, yakafuata ya 5.5, kisha ya 6; na Carrera RS ya mwaka 1973 ilitumia inchi 6 mbele na 7 nyuma. Kwa kuwa yaliyo mapana yana thamani kubwa, wako waliokata yale membamba na kuyachomelea ili yapanuke. Gurudumu la namna hiyo limetoka kiwandani kweli, lakini si lile linalodaiwa kuwa.

Sasa tufike penye kiini cha jambo. Magurudumu ya Fuchs hayakumiminwa katika kalibu; yalifuliwa. Kipande cha aloi ya alumini hupashwa moto, hushindiliwa kwa mashine yenye nguvu nyingi mpaka kipate umbo, kisha mzingo wake huviringishwa na kukerezwa. Kiswahili kina maneno mawili yaliyo tayari kwa tofauti hii: kufua, ambayo ni kazi ya mhunzi na ya mfua dhahabu, na kusubu, yaani kumimina madini yaliyoyeyushwa ndani ya kalibu. Hapana haja ya kukopa neno lolote. Gurudumu la kufuliwa huwa imara kwa uzito mdogo kuliko la kusubiwa, na nakala nyingi za bei rahisi ni za kusubu. Anayefasiri yote mawili kwa neno “kutengenezwa” ameifuta tofauti ambayo mnunuzi anailipia.

Kuna hatari kubwa zaidi. Katika Kiingereza neno moja hutumika kwa kazi ya mhunzi na kwa kosa la kuiga hati au sahihi ya mtu. Mfasiri mwenye haraka, aliyezoea hati za mahakama kuliko za karakana, anaweza kuandika “magurudumu ya kughushi” mahali palipokusudiwa “magurudumu ya kufuliwa”. Sifa bora kabisa ya bidhaa imegeuka kuwa ungamo la jinai! Na wenye kudhani kwamba kufua ni nguo tu, wakaliogopa neno hili, wakumbuke kwamba chuma kimefuliwa kwa Kiswahili siku nyingi.

Neno lingine lenye utata ni “asili”. Tangazo likisema magurudumu ni ya asili, linasema nini? Laweza kusema kwamba yalitengenezwa na kiwanda chenyewe. Au kwamba ndiyo yaliyofungwa kwenye gari hilihili lilipotoka kiwandani. Au kwamba hayajapakwa rangi upya wala kusuguliwa. Madai haya ni matatu, na gurudumu laweza kutimiza moja bila mengine. Tunapendekeza “halisi” kwa maana ya kwanza, “-a awali” kwa maana ya pili, na kwa maana ya tatu isemwe waziwazi kwamba “halijafanyiwa ukarabati”. “Asili” liachiwe dawa na misitu.

Kila dai lina ushahidi wake. Uhalisi hutazamwa nyuma ya gurudumu, penye chapa ya kiwanda, namba ya kipuri, ukubwa, na kwa kawaida mwezi na mwaka wa kutengenezwa, vyote vikiwa vimegongwa katika metali. Uawali hupimwa kwa kulinganisha tarehe hiyo na ya gari: gurudumu lililotengenezwa baada ya gari kukamilika haliwezi kuwa la awali, hata likiwa halisi namna gani. Lakini tarehe ikitangulia, imeruhusu dai tu, haijalithibitisha. Ukarabati hujulikana kwa hali ya lile tabaka gumu lililojengwa kwa umeme juu ya alumini, ambalo likisuguliwa huondoka.

Juu ya “bandia” tuna shaka. Mwenye meno bandia hamdanganyi mtu, lakini mwenye fedha bandia anadanganya. Kwa hiyo gurudumu lililoigwa na kuuzwa kwa jina lake liitwe nakala. Lililogongwa chapa isiyo yake liitwe ghushi, na neno hilo lisiandikwe pasipo ushahidi. Gari nalo liitwe la kale, wala si kuukuu, neno linaloweza kumfanya ofisa adhani anaandikiwa chakavu.

Hati ya mauzo ingeweza basi kusomeka hivi: “Magurudumu manne bila tairi, ya kufuliwa, halisi ya Fuchs, upana wa ndani inchi 6, kipenyo inchi 15, tarehe zilizogongwa zaonekana katika picha, mawili yamesuguliwa upya, hayadaiwi kuwa ya awali kwa gari lolote.”