Askofu alitoka wapi?



Juma lililopita kulikuwa mabishano makali katika dortuari ya wakubwa. Mmoja alisema maaskofu ni mambo ya watu tu, Biblia haiwajue. Mwingine, ambaye kanisa lake liko na askofu, alikasirika, karibu wapigane. Sisi wa mwaka wa sita tuliombwa kukata maneno. Hatuweze kuyakata, lakini tulifungua vitabu.

Jina liko ndani ya Biblia. Paulo anasalimu maaskofu na mashemasi wa Filipi (Wafilipi 1:1). Lakini angalieni: maaskofu wengi, mji mmoja! Na katika Matendo 20 anaita wazee wa Efeso, kisha anawaita wale wale waangalizi, maana neno la Kigiriki episkopos ni mwangalizi tu. Wakati ule mzee na askofu walikuwa mtu mmoja, na wengi waliongoza pamoja.

Karibu mwaka 96 Kanisa la Roma liliandikia lile la Korinto, ambako wazee walifukuzwa kazini. Barua ile, inayoitwa ya Clement, inawatetea wazee kwa nguvu, lakini haitaje askofu mmoja, wala wa Korinto ao wa Roma. Nyuma kidogo Ignatius wa Antiokia, akipelekwa Roma na askari ili atupwe kwa wanyama, aliandika barua saba. Anarudilia bila kuchoka: askofu mmoja, wazee na mashemasi pamoja naye, wala msifanye neno la kanisa pasipo yeye. Sisi tunafikiri alisema sana juu wengi walikuwa hawajakubali bado.

Walimu walikuwa wengi, kila mtu na mafundisho yake, na feza za wajane zilitaka mtu wa kuziangalia. Karibu mwaka 180 Irenaeus wa Lyon aliandika majina ya maaskofu wa Roma tangu mitume, kuonyesha kwamba hakuna fundisho lililopita kwa siri.

Shida kubwa ilikuja Carthage, hapa Afrika, upande wa kaskazini. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru kila mtu atoe sadaka kwa miungu na apate karatasi ya ushuhuda. Wakristo wengi walianguka; wengine walinunua karatasi bila kutoa sadaka. Kisha wakataka kurudi. Nani awapokee? Wale waliofungwa kwa ajili ya imani waliheshimiwa sana, wakaanza kutoa barua za kuwarudisha. Askofu Cyprian alikuwa amejificha (na watu walimsema juu ya ile!), lakini alikataa: hii ni kazi ya askofu. Mwaka 251 maaskofu walikutana, wakaamua wa karatasi za kununua wachunguzwe mmoja mmoja, na waliotoa sadaka wafanye toba ndefu. Hapo askofu alishinda mashujaa wa gereza. Lakini Cyprian yule yule alitaka watu wawepo askofu anapochaguliwa, na alipinga Stephen, askofu wa Roma, juu ya ubatizo: mwaka 256 maaskofu 87 walikuwa upande wake. Mwaka 258 alikatwa kichwa. Mara hii hakukimbia.

Mwaka 325, kule Nikea, iliamuliwa askofu awekwe na maaskofu wa jimbo, wasipungue watatu.

Wale ndugu wawili walisoma maandiko haya mbele ya stensili kupigwa. Wamesalimiana, lakini juu ya Ignatius bado wanabishana.